Robo Tatu ya Mita

Kama hujawahi kuingia duka la fotokopi asubuhi ya siku ya mwisho ya kupeleka fomu, basi bado hujasukumwa sawasawa. Siku hiyo watu walikuwa wamejaa hadi barazani. Wanafunzi na madaftari yao, mama mmoja na picha zake za pasipoti, wazee wawili wanagombania nani kamtangulia nani. Mashine zilikuwa zinanguruma, karatasi zinatoka za moto, na mwenye duka kila mara anapaza sauti, "Ya nani hii? Jamani, hii ya nani?"

Katikati ya vurugu hiyo alisimama dada mmoja mrefu, gauni la buluu lenye mifuko mikubwa, kitambaa cha rangi ya haradali kichwani, na raba zenye tope la siku mbili. Ukimtazama juu ungesema anakwenda harusini. Ukimtazama chini ungesema anatoka kulima. Wala. Alikuwa mpimaji wa idara ya mipango miji, na kazi yake, mwaka wa pili sasa, ilikuwa moja tu: kujua kila mkazi wa jiji ana bustani ya umma kiasi gani. Kutwa nzima alikuwa anasukuma gurudumu la kupimia kwenye nyasi na njia za bustani, hata watu wakambandika jina la Bi Mita. Alilipokea, kwani angefanyaje?

Ramani yake ilitoka kwenye mashine, kubwa kama shuka, na mwenye duka kwa haraka zake akaitia mikononi mwa mtu mwingine. Mtu mwenyewe alikuwa kaka mmoja mwenye ovaroli la kijani lililopauka magotini, ufunguo mmoja mkubwa unaning'inia shingoni kwa kamba. Badala ya kusema si yangu, akaikunjua na kuanza kuisoma.

"Samahani, kaka," Bi Mita akamwambia. "Hiyo ramani ni yangu."

"Ni yako?" Hakuinua hata macho. "Basi ina kosa."

"Kosa gani?"

"Mimi simo."

"Wewe?"

"Bustani yangu. Tazama hapa, kati ya zahanati na kiwanda cha viatu. Mmepaka kijivu. Kijivu maana yake nini?"

"Majengo, barabara, na viwanja visivyojulikana."

"Visivyojulikana na nani?" Sasa akainua macho, na yalikuwa macho ya mtu anayetaka kucheka lakini kwanza anataka haki yake. "Mimi napajua. Leo asubuhi nimepamwagilia maji."

Bi Mita alitaka kumjibu kiofisi, kwamba ramani ni ya zamani na ndiyo sababu wanapima upya, lakini mwenye duka alikuwa amemtia mkononi karatasi ya yule kaka. Aliitupia jicho. Ilikuwa tangazo, kwa herufi kubwa: TAFADHALI USIKANYAGE MICHE. INASIKIA.

Akaangua kicheko mbele za watu. Yule mama wa picha za pasipoti naye akacheka bila kujua anacheka nini.

"Inasikia kweli?" aliuliza.

"Njoo uiulize mwenyewe," mtunza bustani akasema. "Njoo na ramani yako, na kalamu ya kijani usiisahau."

Walibadilishana karatasi. Walibadilishana na namba za simu pia, kwa ajili ya kazi. Ndivyo walivyosema.

*

Alikwenda siku ya tatu, baada ya kazi, kwa muda wake mwenyewe. Alikuta geti limefunguliwa kwa upana wote, limeegemezwa tofali lisijifunge. Ndani kulikuwa na mabenchi manne, kitalu cha miche, njia ya changarawe iliyopigwa reki vizuri, na miti kumi na tisa ambayo mtunza bustani aliipanda kwa mkono wake tangu ardhi ile ilipokuwa jaa la taka. Wauguzi wa zahanati walikuwa wamevua viatu. Mafundi wawili wa kiwandani wamelala chali, kofia usoni. Bibi mmoja alikuwa anafuma.

"Karibu, Bi Mita. Umeleta kalamu?"

"Nimeleta gurudumu. Kalamu inakuja baadaye."

Akasukuma gurudumu lake kuzunguka uzio, likilia tik, tik, tik, na yeye mtunza bustani nyuma yake na toroli tupu ambalo halikuwa na shughuli yoyote pale. Walipomaliza, Bi Mita akakaa kwenye benchi, akapiga hesabu kwenye daftari.

"Mita za mraba elfu tatu na tisini," alisema. "Tunachukua kila eneo ambalo mtu yeyote anaingia bila kulipa wala kuulizwa, halafu tunaligawa kwa wakazi. Mtaa huu una watu elfu nne mia moja na ishirini, na bustani ni hii tu. Kila mtu anapata robo tatu ya mita."

"Robo tatu ya mita ni kitu gani? Mtu anaweza kulala?"

"Hawezi." Akainuka, akachukua kijiti na kuchora mraba mdogo kwenye changarawe. "Anaweza kuweka kiti, na mahali pa kuweka miguu. Basi."

Mtunza bustani akaingia katikati ya mraba, akasimama wima, mikono ameibana ubavuni asizidishe.

"Hii ndiyo yangu?"

"Ndiyo yako."

"Na wewe utakaa wapi?"

"Mimi si mkazi wa mtaa huu, bwana. Mimi nakaa kwa shangazi yangu ng'ambo ya reli. Hapa sina hata sentimita."

"Basi njoo tugawane," alisema, akasogea kidogo.

Hakuingia kwenye mraba siku hiyo. Lakini alirudi nyumbani akiwa anatabasamu peke yake barabarani, na shangazi yake, mshona mapazia mwenye macho makali kuliko sindano zake, alimwona tangu mlangoni.

"Mwanangu, leo umepima nini?"

"Bustani, Shangazi."

"Bustani ina meno? Mbona umeiachia meno yote nje?"

*

Mapenzi yao yalianza kwa simu. Mtunza bustani alikuwa na kawaida ya kupiga saa moja asubuhi, kabla hajafungua geti, kutoa taarifa.

"Bi Mita, taarifa ya leo. Miche yote haijambo. Mmoja umenuna, nadhani umekuota."

"Mwambie nami nilimuota."

"Mche?"

"Mwenye mche, Bwana Ufunguo. Usinifanye nirudie."

Hapo unasikia mtu mzima anacheka peke yake kwenye geti.

Sasa sikiliza vizuri, maana hapa ndipo lilipo jambo lenyewe. Bi Mita alikuwa mtu wa haki hadi anachosha. Alijua kwamba bustani ya mtaa ule lazima ipimwe kiofisi, na taratibu zilisema mkaguzi aende mara tatu, bila taarifa, aone kama geti liko wazi. Likikutwa limefungwa mara zote tatu, eneo linaandikwa sifuri, hata liwe na miti mia, kwa sababu bustani ambayo watu hawaingii si ya watu. Na ardhi iliyoandikwa sifuri inaingia kwenye orodha ya matumizi mengine. Kwa mtaa ule, matumizi mengine yalikuwa yanasubiri kwa hamu: kiwanda cha viatu kilishaomba mahali pa kuegesha magari.

Bi Mita ndiye aliyekuwa kiongozi wa zoezi. Akaona haifai yeye mwenyewe akakague bustani ya mtu anayempenda. Watu watasema nini? Akaitoa kazi hiyo kwa mwenzake wa meza ya pili. Huyu mwenzake walimwita Saa Sita, kwa sababu alikuwa anafika kila mahali saa sita na dakika tano mchana, hachelewi wala hawahi, na katika miaka kumi na miwili hakuna aliyewahi kumsikia akiongeza chumvi. Bi Mita akampangia Alhamisi, siku ambayo Saa Sita alikuwa na zamu ya pikipiki ya ofisi. Yeye akajipangia Alhamisi hizohizo kuhesabu watu kwenye bustani kuu, upande wa pili wa jiji, ili awe mbali kabisa, na akala kiapo moyoni kwamba faili hilo hatalifungua. Wala hakumtajia mtunza bustani habari za ukaguzi. Haki gani tena unataka?

Ila Alhamisi ya kwanza, pale bustani kuu, ilipofika saa tano, alihisi upweke ukimkaba. Watu wanapita wawili wawili na yeye anawapigia mistari kwenye karatasi. Akachukua simu.

"Bwana Ufunguo, umekula?"

"Bado. Kwa nini?"

"Nina mkate, mayai na machungwa mawili. Moja ni lako. Njoo."

"Na bustani?"

"Saa mbili tu, mpenzi. Itakimbia?"

Ile "mpenzi" ndiyo iliyommaliza. Hakuwahi kuitwa hivyo na yeye. Mtunza bustani hakuwa mtu wa kufunga geti mchana. Tangu alipokabidhiwa mahali pale hakuondoka hata siku moja kabla ya jioni. Lakini kuacha wazi bila mtu hakuweza, maana palikuwa na mpira wa maji na majembe, na mwaka mmoja nyuma mtu aliingia akang'oa miche hamsini. Akawaomba radhi wauguzi, akaondoa tofali, akatia kufuli, akanawa uso bombani na kukimbilia basi.

Walikula chini ya mti, wakamenyeana machungwa, na Bi Mita akamtilia sahihi yake kwenye ganda moja kwa mchezo. Alhamisi iliyofuata vilevile. Na ya tatu vilevile, ila ya tatu mtunza bustani alikuja na shati jeupe chini ya ovaroli, na Bi Mita alipoliona alisahau kuhesabu watu kwa robo saa nzima. Kama kuna watu kumi waliopita hapo bila kuhesabiwa, wamsamehe.

*

Ramani mpya ilibandikwa ukutani kwenye jumba la mikutano la mtaa, Jumatatu, pamoja na nakala za fomu za ukaguzi. Mtunza bustani alikwenda kuitazama akiwa amepiga pasi ovaroli. Alitafuta zahanati, akatafuta kiwanda cha viatu, akaweka kidole katikati. Kijivu.

Akadhani amekosea. Akasoma fomu. Ziara ya kwanza: geti limefungwa. Ziara ya pili: geti limefungwa. Ziara ya tatu: geti limefungwa. Jumla ya eneo la umma: sifuri. Na chini kabisa, kwa wino wa buluu, *imehakikiwa na*, halafu sahihi ambayo aliijua, maana alikuwa nayo kwenye ganda la chungwa lililokauka, ndani ya droo yake.

Bi Mita alikuwa ametia sahihi mafaili mia mbili na arobaini siku moja. Hilo moja alilitia sahihi huku amegeuza uso, kwa sababu ya kile kiapo chake.

Simu ilipigwa mchana.

"Umenitia sifuri," alisema mtunza bustani.

"Nini?"

"Nenda kasome ulichokitia sahihi."

Akasoma. Tarehe hakuzitazama. Akampigia.

"Mbona imeandikwa limefungwa mara tatu? Uliniambia geti halifungwi mchana."

"Halifungwi."

"Mwenzangu amelikuta limefungwa."

"Basi mwenzako mwongo."

"Yule hajui kusema uongo! Angejaribu angeumwa. Kama unafunga ukienda kwenye shughuli zako, si ungeniambia tu?"

"Shughuli zangu?" Sauti yake ilishuka. "Miaka sita niko pale. Wewe ulikuja na gurudumu lako, ukakaa kwenye benchi langu, ukanichorea mraba. Kumbe ulikuwa unapima wapi pa kuweka magari."

"Usiniambie hivyo."

"Nimeshakuambia."

Simu ikakatika. Kesho yake saa moja hapakuwa na taarifa ya miche, wala kesho kutwa. Bi Mita akipiga, inaita hadi inachoka. Alikwenda getini jioni moja akakuta watu wamejaa ndani na yeye mwenyewe yuko mbali kwenye kitalu, amempa mgongo. Hakuingia. Aliumia, na alikuwa na hasira pia, maana aliamini kadanganywa. Na mtunza bustani naye aliumia vivyo hivyo, kwa imani hiyohiyo. Wote wawili wakweli watupu, na wote wamenuna.

*

Shangazi alivumilia siku sita. Siku ya saba, Jumapili asubuhi, alizima cherehani.

"Haya, njoo jikoni. Chai hii usipoinywa nitakumwagia."

"Sina hamu, Shangazi."

"Najua huna hamu. Ninaandika." Akaonyesha kalenda ukutani, karibu na kabati la vyombo. Kulikuwa na tarehe zilizozungushiwa kalamu nyekundu. "Hizi ni siku ulizorudi nyumbani ukakataa chakula changu. Siku hizi sita za karibuni umekataa kwa kununa, nimezipigia msalaba. Lakini tazama hizi tatu za nyuma. Hizi ulikataa kwa kushiba na kucheka. Nilisema, huyu kuna mtu anamlisha machungwa. Unanukia hadi kwenye nywele."

Bi Mita alitazama kwa kumridhisha tu shangazi yake. Tatu. Zimepangana wima, moja chini ya nyingine, safu ya Alhamisi.

Akaweka kikombe mezani. Akaenda chumbani mbio, akarudi na nakala ya fomu aliyokuwa ameilaza kwenye daftari, akaishikiza karibu na kalenda. Ziara ya kwanza, Alhamisi. Ya pili, Alhamisi. Ya tatu, Alhamisi. Saa sita na dakika tano, saa sita na dakika tano, saa sita na dakika nne.

"Shangazi," alisema polepole, "alikuwa na mimi."

"Nani?"

"Geti lilifungwa kweli. Na yeye hakunidanganya. Alikuwa amekaa na mimi ng'ambo ya jiji anakula yai, na nilimwita mwenyewe. Ratiba niliipanga mwenyewe, Shangazi! Nilijiweka mbali nisije nikaiharibu kazi, na ndiyo nikaiharibu."

Shangazi alimtazama. Halafu akamsogezea sukari.

"Utamwambia nani kwanza, yeye au bosi wako?"

"Yeye nikimwambia atafurahi tu. Bustani haitarudi kwa furaha." Akapiga moyo konde. "Bosi."

Mkuu wa idara alikuwa mama mfupi wa miwani, mwenye tabia ya kusikiliza huku amefumba macho. Jumatatu alisikiliza yote, kuanzia duka la fotokopi hadi machungwa.

"Unajua nini kitatokea?" aliuliza alipofumbua.

"Najua, mama."

"Nikikuacha kwenye ramani hii, kila mtaa utakuja kuuliza nani kampenda nani. Itabidi utoke. Miezi sita chumba cha majalada, na jina lako lifutwe kwenye ramani. Miaka miwili ya kusukuma gurudumu, binti yangu. Ukikaa kimya, hakuna atakayejua."

"Ukaguzi ulikuwa na kasoro, mama. Mimi ndiye kasoro. Nataka niseme hayo mbele ya watu, siku ya kusikilizwa pingamizi."

Mama akafumba macho tena. "Alhamisi," akasema. "Bila shaka ni Alhamisi."

*

Jumba la mikutano lilijaa. Wauguzi walikuja na sare, mafundi wa viatu walikuja na vumbi lao la ngozi, bibi mfumaji alikaa mbele na sindano zake. Mtunza bustani alikaa mstari wa nyuma, shati jeupe, ufunguo shingoni. Pingamizi lake alikuwa ameliandika mwenyewe, mstari mmoja: *Bustani yangu huwa wazi. Anayesema vingine aje tuonane.*

Saa Sita ndiye aliyetangulia kusimama.

"Nilifika saa sita na dakika tano," alisema. "Nikavuta geti. Kufuli. Nikaita mara tatu. Kimya. Nikaandika. Wiki ya pili vilevile. Wiki ya tatu niliwahi kwa dakika moja, naomba radhi."

"Tunampinga!" akaropoka muuguzi mmoja. "Tunakaa pale kila siku!"

"Kila siku isipokuwa Alhamisi tatu," bibi mfumaji akasema bila kuinua macho kwenye uzi. "Hizo alitufukuza. Kwa adabu, lakini alitufukuza."

Unaona mtu anavyokumbuka kitu mbele za watu? Mtunza bustani aliinua mkono akaugusa ufunguo, na uso wote ukambadilika.

Hapo Bi Mita akasimama. Alikuwa amevaa lile gauni la buluu na kitambaa cha haradali, mikono mifukoni.

"Mwenzangu anasema kweli," alisema. "Na mtunza bustani anasema kweli. Geti lilifungwa Alhamisi tatu, saa sita mchana, kwa sababu mwenyewe alikuwa na mimi. Nilimwita tule pamoja. Yeye hakujua kuna ukaguzi. Mimi nilijua na sikuwaza. Nampenda, na kwa sababu nampenda nilijitoa kwenye faili lake ili nitende haki, na hapohapo nikamfungisha geti. Kosa ni langu peke yangu. Naomba bustani ikaguliwe upya na watu wasionijua."

Halafu kutoka kwa mafundi wa viatu mtu akauliza, "Mlikula nini?"

"Mayai," akajibu Bi Mita. "Na machungwa."

Basi, kicheko kikaanza mbele, kikafika nyuma, hata Saa Sita akatabasamu na kutazama saa yake. Mkuu wa idara aligonga meza. Ukaguzi urudiwe siku saba mfululizo, saa tofauti, na wakaguzi kutoka idara nyingine. Na kiongozi wa zoezi amebadilishwa kuanzia leo.

Aliposikia hilo la mwisho, mtunza bustani aliacha kucheka. Alimkuta Bi Mita nje, kwenye ngazi.

"Wamekutoa kwenye ramani?"

"Miezi sita. Nitapanga majalada."

"Kwa sababu yangu."

"Kwa sababu yangu mwenyewe. Usinipokonye."

"Nilikuambia maneno mabaya kwenye simu."

"Uliniambia."

"Yamenikaa kooni siku zote hizi. Nisamehe, mpenzi." Naye hakuwahi kumwita hivyo.

Bi Mita alishindwa kujikaza, machozi yakamtoka pale pale kwenye ngazi, watu wanapita. "Nipigie kesho saa moja," alisema. "Nataka taarifa ya miche."

*

Siku saba wakaguzi walikwenda, na siku saba walikuta geti limeegemezwa tofali. Mtunza bustani hakutoka hata kununua mkate. Shangazi mshona mapazia, ambaye hakuombwa na mtu, alimpelekea chakula na kumkagua yeye mwenyewe kuanzia ukosi hadi viatu. Ramani ikarekebishwa. Kati ya zahanati na kiwanda cha viatu pakapakwa kijani, kidoa kidogo cha ukubwa wa ukucha.

Jumamosi, Bi Mita alifika saa kumi alasiri, vumbi la majalada kwenye mikono ya gauni. Alisimama getini akashangaa. Kufuli hakuna. Hata pete zake hakuna. Zimekatwa kwa msumeno. Na mtunza bustani shingoni hana kitu.

"Bwana Ufunguo! Ufunguo uko wapi?"

"Nimeuacha. Majembe nimeyajengea sanduku. Miche, wanaipokezana zamu ya kuilinda: wauguzi asubuhi, bibi mfumaji mchana." Akajikuna kichwa. "Naweza kutoka siku ninayotaka na geti likabaki wazi. Sasa unitafutie jina jingine."

Walikaa kwenye benchi. Mtunza bustani akachukua kijiti, akachora mraba kwenye changarawe, mdogo, umepinda upande mmoja.

"Hii ni robo tatu ya mita?" aliuliza.

"Kasoro kidogo. Mkono wako mbaya."

"Siyo mkono. Nimepunguza makusudi." Akakiweka kijiti chini. "Nikuulize kitu cha kazi. Wakazi ni elfu nne mia moja na ishirini. Akiongezeka mmoja, hesabu inakuwaje?"

"Kila mtu anapungukiwa kidogo."

"Kiasi gani?"

"Kidogo sana. Hata sisimizi hatagundua."

"Watanuna?"

"Nani?"

"Wale elfu nne mia moja na ishirini. Nikiwaletea mtu kutoka ng'ambo ya reli."

Bi Mita alielewa. Alielewa kabla hajamaliza, lakini alimwacha amalize, maana mambo kama haya mwanamke hataki kuyasikia nusu.

"Sema vizuri," alisema.

"Naomba nikuoe. Uhamie huku. Nataka kukuharibia hesabu."

Bi Mita aliutazama mraba ule uliopinda. Kisha akatia mkono kwenye mfuko mkubwa wa gauni, akatoa daftari lile la zamani, akafungua ukurasa wa siku ya kwanza. Akakata elfu nne mia moja na ishirini kwa mstari mmoja. Juu yake akaandika elfu nne mia moja na ishirini na moja, na kwa kalamu ya kijani.

Halafu akavua raba zake zenye tope, akaingia kwenye mraba, akasimama.

"Njoo," akamwambia. "Sogea. Na mimi sasa nina sehemu yangu."